Mgonjwa wa Kichwa Akirudi Nyumbani, Ndipo Kazi Inapoanza

Sisi tunaokaa Mkula tunaikumbuka barabara yetu ilivyokuwa. Kiangazi ilikuwa vumbi, masika ilikuwa tope, na aliyepanda basi la Ifakara alishuka mwili wote ukimuuma. Leo ni lami kutoka Kidatu hadi Ifakara, kama kilomita 67. Tumeishukuru lami hiyo, na tulikuwa na haki ya kushukuru: mpunga unafika sokoni, miwa inafika kiwandani, mama mwenye uchungu anafika hospitali kabla hajajifungulia njiani. Ila yale mashimo yalikuwa na kazi moja ambayo hatukuiona mpaka yalipozibwa. Yalizuia mwendo. Pikipiki iliyokuwa ikipita Sanje, Mkula na Mang'ula kwa kukwepa shimo huku na kule, sasa inapita kama mshale, na nyumba zetu na shule zetu ziko palepale zilipokuwa, hatua chache kutoka barabarani.

Lakini sitaki kuandika juu ya lami. Nataka kuandika juu ya watu wanaoangukia kichwa, barabarani na kwingineko, na hasa juu ya wale ambao hawafi.

Kwa aliyefariki tuna utaratibu. Turubai linafungwa, kamati inakaa, daftari linapita nyumba kwa nyumba, jumuiya inaimba, padre anakuja au katekista anaongoza ibada, na watu wanalala msibani siku kadhaa. Kwa aliyelazwa pia tuna utaratibu, hafifu kidogo, lakini upo: michango ya nauli, zamu za kupeleka chakula, nia za Misa. Sasa yupo kijana aliyekaa hospitali wiki sita, akarudishwa nyumbani akiwa hai. Anakula. Anatembea kwa kukokota mguu mmoja. Anamwita dada yake kwa jina la shangazi. Akikasirika anarusha sahani. Kwa huyo hatuna utaratibu wowote. Tunafika siku ya kwanza, tunasema Mungu ni mwema, amepona, tunakunywa chai, tunaaga. Maoni yangu ni kwamba tunaaga siku ileile ambayo tulitakiwa kuanza kufika.

Tuanze na kile kinachoumia. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi, na ni laini kama uji mzito uliopoa ukaganda. Unakaa ndani ya fuvu gumu, umezungukwa na maji kidogo. Mtu akirushwa kutoka kwenye pikipiki, kichwa kikagonga lami, fuvu linasimama ghafla lakini ubongo bado uko safarini. Unajigonga mbele, unarudi kujigonga nyuma, na nyuzi nyembamba zinazounganisha sehemu zake zinavutika na kukatika. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa hana hata mchubuko usoni na bado akawa mahututi. Tumezoea kupima ajali kwa damu inayoonekana. Kichwa hakipimwi hivyo.

Halafu kuna jeraha la pili. Mguu ukivimba, ngozi hutanuka, unavaa ndala badala ya kiatu, maisha yanaendelea. Fuvu halitanuki. Damu ikivuja ndani yake, au ubongo wenyewe ukianza kuvimba, hakuna pa kwenda. Shinikizo linapanda, damu safi inashindwa kuingia, na sehemu za ubongo ambazo hazikuguswa na ajali zinaanza kufa kwa kukosa hewa. Jambo hili huchukua saa, wakati mwingine siku. Kilichovunjika barabarani kimeshavunjika. Kinachopiganiwa hospitalini ni hili la pili.

Madaktari wana namna ya kupima fahamu iliyotungwa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Glasgow, kule Uskoti. Wanaangalia mambo matatu: macho yanafunguka vipi, mtu anazungumza vipi, na viungo vinasogea vipi. Alama ya juu ni 15, ya chini kabisa ni 3, maana hata asiyesogeza chochote hupewa moja kwa kila kipimo. Kuanzia 8 kushuka chini, jeraha linahesabiwa kuwa kali. Ukiwa umemsindikiza mgonjwa na ukasikia wauguzi wakitajiana namba hizo, ujue wanazungumzia nini, na uandike. Familia inayojua kwamba ndugu yao alifika akiwa na 6 na siku ya tano akawa na 9, ina kitu cha kushika kuliko kuambiwa tu kwamba anaendelea vizuri.

Na kuna wale wanaotudanganya. Kijana anaanguka, anazimia dakika mbili, anaamka, anajikung'uta vumbi, anacheka na wenzake, anaenda kulala. Asubuhi haamki. Mshipa ulipasuka kati ya fuvu na utando wa ubongo, na damu ikajikusanya polepole usiku kucha. Kwa hiyo aliyezimia hata kidogo asiachwe alale peke yake. Akianza kutapika, akisema kichwa kinazidi kuuma, akisinzia kupita kawaida, mboni ya jicho moja ikawa kubwa kuliko ya pili, akapatwa na degedege, au maji meupe yakamtoka puani ama sikioni, hapo hakuna kungoja kuche. Nimesikia mara nyingi watu wakisema mwacheni, amelewa. Pengine ni kweli amelewa. Walevi nao wana ubongo, na wao ndio wanaoanguka zaidi.

Huku kwetu watu wanaumiaje? Pikipiki ndiyo ya kwanza, na hilo si letu peke yetu. Hospitali ya KCMC kule Moshi, ambayo imekuwa ikiweka kumbukumbu za majeruhi wa ubongo kwa miaka, inaonyesha picha hiyohiyo: wengi ni wanaume vijana, na chanzo kikubwa ni ajali za barabarani. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa na mtandao wa Cochrane mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia ngumu inapunguza uwezekano wa mwendesha pikipiki kufa katika ajali kwa asilimia 42 hivi, na uwezekano wa kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi. Ile kofia vijana wetu wanayoiita elementi, basi, ni kitu chenye uzito wake. Lakini tazama kijiweni: kofia ni moja, ya dereva, na mara nyingi imetundikwa kwenye kioo cha pikipiki au imekaa kichwani bila kufungwa kamba. Kofia isiyofungwa huruka kabla ya mwenyewe. Abiria hana. Na akipewa, anakataa kwa sababu inanuka jasho la watu au itaharibu nywele alizosuka jana. Hoja ya jasho naielewa. Kitambaa chepesi cha kufunga kichwa kabla ya kuvaa kingeimaliza. Hoja ya nywele sina jibu lake, isipokuwa kwamba kabla ya kupasua kichwa hospitalini huwa wananyoa zote.

Zipo sababu nyingine ambazo hatuzitaji sana kwa kuwa hazina polisi wa usalama barabarani. Msimu wa maembe, watoto wanaanguka mitini. Mafundi wa kupaua wanaanguka kutoka kwenye kenchi, bila kamba, juu ya sakafu ya zege. Baiskeli zetu zinatembea usiku bila taa kandokando ya malori. Trekta zinazovuta matela ya miwa watu huzidandia kwa nyuma. Magomvi ya mashamba na malisho katika bonde hili yamekuwa yakimalizwa kwa rungu na fimbo, na fimbo ikiinuliwa inatafuta kichwa. Halafu kuna jambo tunalolifanya sisi wenyewe kwa pamoja, mchana kweupe, na wengine wetu tunatoka kanisani: kumpiga mwizi. Tukisikia kwenye taarifa ya habari kwamba ni wananchi wenye hasira kali, tunaitikia kana kwamba wananchi hao ni wa nchi nyingine. Wengine kati ya wanaopigwa hawafi. Wanabaki na ubongo ulioharibika, mama zao wakiwalisha kwa kijiko, kwa ajili ya kuku.

Ajali ikitokea Mkula, saa za kwanza tunazitumiaje? Nasema kwa yale tunayoyaona sote. Watu wanakimbilia, na huo ni wema. Wanamkamata majeruhi mmoja mkono mmoja mguu, kichwa kinaning'inia. Wanampakia kwenye pikipiki katikati ya dereva na mtu wa kumshikilia nyuma, kichwa kinadondokea kifuani, na safari inaanza. Mwenye jeraha la kichwa mara nyingi ameumia na shingo. Na kichwa kikidondoka mbele namna hiyo, njia ya hewa inaziba, ubongo ambao tayari una njaa ya hewa unanyimwa hata kile kidogo. Afadhali kungoja robo saa bajaji au gari ambalo mtu anaweza kulala. Abebwe na watu wanne au watano, kichwa, shingo na kiwiliwili vikienda pamoja kama ubao. Akiwa hana fahamu na anatapika au anakoroma, ageuzwe ubavu, mwili wote kwa pamoja. Jeraha linalovuja damu lifunikwe kwa kitambaa safi. Pale fuvu linapoonekana limebonyea, pasikandamizwe. Asipewe maji, wala soda, wala chai ya sukari, hata akiomba.

Kuhusu fomu ya polisi, ile PF3, bado wapo wanaoamini kwamba bila karatasi hiyo hakuna hospitali itakayompokea majeruhi, basi wanampitisha kwanza kituoni akiwa hoi. Serikali imeshasema zaidi ya mara moja kwamba wa dharura atibiwe kwanza, fomu ifuatie. Mtu mmoja aende polisi, wengine waende na mgonjwa. Sioni ugumu wake.

Kutoka hapa hadi Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, ni zaidi ya kilomita 40. Ikihitajika kupelekwa MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996, ni safari ya kupita Mikumi, Morogoro, hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 300. Saa zina maana hapa. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2019, wenye wagonjwa zaidi ya 12,000 katika nchi 29, ulipima dawa ya kuzuia damu kuvuja iitwayo asidi ya traneksamiki, dawa ya siku nyingi na isiyo ghali. Kwa walioumia kidogo au kwa kiasi, ikitolewa ndani ya saa 3, ilipunguza vifo. Kwa walioumia vibaya sana faida haikuonekana wazi. Maana yake kwa mtu wa kawaida ni kwamba anayefikishwa mapema, kabla hajazama, ana mengi ya kufanyiwa; anayefikishwa kesho yake ana machache.

Je, ni lazima kila kichwa kiende Dar es Salaam? Kuna habari ya Haydom, hospitali ya Kilutheri huko Mbulu mkoani Manyara, ambayo napenda kuwasimulia wanaofikiri hospitali za vijijini haziwezi kitu. Mwaka 2006 alifika pale Dilan Ellegala, daktari wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani. Vifaa vya kufungulia fuvu havikuwapo. Akanunua msumeno wa waya aliouona ukikata mti, ukasafishwa kwa ajili ya chumba cha upasuaji. Lakini msumeno si kiini cha habari. Kiini ni kwamba alimfundisha daktari msaidizi wa palepale, Emmanuel Mayegga, kufanya upasuaji wa kichwa, kwa kuwa aliona yeye mgeni ataondoka na wagonjwa watabaki. Sisemi kila mwenye wembe apasue kichwa. Nasema hospitali iliyo karibu, yenye mtu aliyefundishwa kutoa damu iliyoganda ndani ya fuvu, inaokoa watu ambao gari la wagonjwa lingewafikisha Chalinze wakiwa wamekufa. Jimbo lenye hospitali ya rufaa na chuo kikuu cha afya katika mji mmoja, kama Ifakara, lina mahali pa kuanzia.

Sasa turudi kwa yule aliyepona.

Katika jumuiya moja ya huku kwetu yuko baba mmoja, alikuwa fundi wa kupaua. Alianguka, akakaa siku nyingi bila fahamu, akarudi. Kwa macho ni mzima; amenenepa hata. Ukikaa naye nusu saa ndipo unaona. Anakuuliza umetoka wapi, unamjibu, anauliza tena. Hawezi kukaa penye makelele; spika za harusi ya jirani zinamfanya azibe masikio na kulia. Alikuwa mpole, sasa anatukana, na anamtukana hata mama mkwe wake, jambo ambalo kwa mila zetu halisemeki. Anacheka msibani. Chakula kikiungua jikoni hasikii harufu. Anachoka kwa kazi ya dakika ishirini, anakwenda kulala mchana, na majirani wanasema amekuwa mvivu. Akienda dukani na noti ya elfu kumi anarudi bila chenji na bila anachokumbuka kununua. Mke wake aliniambia kwamba kinachomuumiza zaidi si matusi, ni watu wanaomwambia ashukuru mume amepona. Anajihisi mjane asiye na ruhusa ya kulia.

Yote hayo yana mahali pake ndani ya kichwa. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayotuzuia kusema kila tunachofikiri, inayopanga siku, inayopima aibu. Ndiyo pia inayojigonga kwanza mtu akiangukia uso. Dunia ilianza kujifunza hili mwaka 1848, huko Vermont, Marekani, wakati msimamizi wa wajenzi wa reli, Phineas Gage, alipopigwa na nondo ya chuma iliyorushwa na baruti, ikaingia chini ya shavu na kutokea utosini. Aliishi zaidi ya miaka 11 baada ya hapo. Marafiki zake walimwona mtu mwingine: wa matusi, asiyetulia, asiyeshika mpango. Habari hii husimuliwa ikaishia hapo, na si haki. Baadaye Gage alikwenda Chile, akafanya kazi ya kuendesha magari ya abiria ya kukokotwa na farasi kwa miaka kadhaa, njia ileile, ratiba ileile. Kuna wasomi wanaoona kwamba ratiba hiyo isiyobadilika ndiyo iliyomrudishia sehemu ya utu wake wa zamani. Kwa hiyo huyu fundi wetu, ukimpa kazi moja, saa moja, kila siku ileile, kama kumwagilia miche au kupanga mabenchi ya kigango, humfanyii huruma. Unamtibu.

Lakini sisi tunamtafsiri kwa kamusi nyingine. Wako wanaosema amerogwa, ajali haikuwa ya kawaida, hivyo anapelekwa kwa mganga ng'ambo ya mto na mbuzi wawili wanakwenda naye. Wako wanaosema ana majini, na hao ni wetu. Wanampeleka kwenye maombi ya kukemea, wanamshika mabega na kumtikisa kichwa kilekile kilichopasuliwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1673, iko wazi: ugonjwa, hasa ule wa akili, ni wa waganga wa hospitali, na kabla ya kutoa pepo ni lazima kuhakikisha kwamba si ugonjwa. Mpakwe mafuta ya wagonjwa, mwombeeni, msimameni naye. Msimtafutie shetani mahali ambapo picha ya hospitali inaonyesha kovu.

Hasa hasa kwa kifafa. Baadhi ya walioumia ubongo vibaya hupatwa na kifafa, na kinaweza kuanza miezi au hata miaka baada ya ajali, watu wakiwa wamesahau. Na bonde letu lina historia ya jambo hili. Mahenge, mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alikuta wenye kifafa wametengwa. Wengine wamebabuka kwa moto kwa sababu walipoangukia mafigani watu waliogopa kuwagusa, wakidhani ugonjwa unaambukiza. Alianzisha kliniki, akatumia dawa ya bei ndogo, fenobabitoni, na watu waliofungiwa ndani wakatoka wakalima. Hii si habari ya mbali. Ni ng'ambo tu ya Mto Kilombero. Mgonjwa wa kichwa anayeanguka anahitaji vidonge kila siku bila kuruka, kwa maana kuvikatisha ghafla ni kukaribisha degedege lisilokoma. Asipande mti, asichote maji kisimani peke yake, asilale karibu na moto, asirudi kwenye pikipiki mpaka daktari aseme.

Kwa wachache mambo huwa mazito zaidi: mtu hafumbui macho kwa maana yoyote, analishwa kwa mpira wa puani, anageuzwa kila saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia. Hapo ndipo maneno ya kumwachia Mungu yanapoanza kusikika jikoni, na mara nyingine maana yake ni kuacha kumlisha. Tarehe 20 Machi 2004 Papa Yohane Paulo II alizungumza juu ya wagonjwa wa namna hii, akafundisha kwamba kimsingi chakula na maji, hata kwa mpira, ni matunzo ya kawaida anayostahili kila mtu. Fundisho hilo huwa linanukuliwa. Sehemu ya pili ya hotuba ileile hainukuliwi sana: kwamba familia zisiachwe peke yao na mzigo huo, wa moyo na wa fedha. Tukiihubiri ya kwanza bila ya pili, tunamtwika mama mmoja msalaba halafu tunamfundisha namna ya kuubeba.

Na fedha zenyewe huwa tunazipoteza mapema. Baada ya ajali, mwenye chombo anakuja na wazee wawili, anaomba yaishe nyumbani. Anatoa laki tatu, pengine tano, karatasi inaandikwa, watu wanapeana mikono. Mgonjwa bado yuko wodini, hakuna anayejua atakuwa mtu wa namna gani mwakani. Mimi sipingi upatanisho. Msamaha ni wetu. Ila msamaha na madai ni vitu viwili. Sheria inataka kila chombo cha moto kiwe angalau na bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, na sababu ya bima hiyo ni majeruhi huyuhuyu. Anayelipa ni kampuni ya bima, si jirani yako mwenye pikipiki moja. Familia inayotia sahihi karatasi ya kumaliza wiki ya pili inaweza kuwa imeuza miaka ishirini ya dawa na matunzo kwa bei ya baiskeli. Subirini. Tunzeni PF3, karatasi za hospitali, namba ya chombo na nakala ya bima yake.

Najua jibu nitakalopewa: jumuiya zetu ni za watu maskini, wagonjwa ni wengi, tutamhudumia nani tumwache nani? Ni kweli. Ila ninachoomba si fedha nyingi. Ile nyumba yenye mgonjwa wa kichwa inakosa vitu vidogo ambavyo mtu mmoja hawezi kuvitoa na watu kumi wanaweza. Tunapenda kuhubiri juu ya Msamaria aliyefunga majeraha ya mtu njiani. Tunasahau kwamba alimwambia mwenye nyumba ya wageni kuwa atapita tena. Kupona kwa ubongo huenda haraka zaidi katika miezi sita ya mwanzo, kisha polepole kwa miaka, na katika muda wote huo mgonjwa anahitaji kunyooshwa viungo, kuzungumzishwa, kukumbushwa leo ni siku gani, kuzuiwa pombe. Hayo hayahitaji shahada.

Mwenyekiti wa jumuiya aanze na nyumba moja, wiki hii. Akifika asiulize kama mgonjwa anaendeleaje, kwa sababu atajibiwa kwamba hajambo. Aulize: vidonge vya mwezi huu vipo, na nani atakwenda kuvichukua mwezi ujao? Nani atakaa na baba Jumapili ili mama aende Misa? Na zile karatasi za hospitali na za polisi ziko wapi, au zilishalowa na mvua?